Sarafu za Kilwa ni shaba jamani

Mwandishi wa makala hii anasema eti ukipita na ditekta (mashine ya kutafuta madini ardhini) kule Kilwa Kisiwani unaweza kuokota sarafu ya dhahabu ya masultani kama yule Mwingereza anayemtaja aliyeokota sarafu ya dhahabu ya kwao shambani, jamani tusidanganyane. Mimi mtu wa Kilwa Masoko, zinazookotwa ufukweni maji yakitoka ni vishaba vyepesi vimeota ukijani, watoto wanasugua na ndimu (wanaziharibu tu) ndo unaona maandishi ya Kiarabu, na hata ile ya sultani wa Kilwa Hasan bin Sulaiman iliyokutwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe ni shaba vilevile. Dhahabu ya Sofala (bandari ya kale ya Msumbiji) ilipita hapa kweli, ila sarafu za dhahabu za huyo sultani zinazojulikana ni za kuhesabu. Ile ya dhahabu yenye picha ya tembo si ya masultani, ni ya Mjerumani, rupia 15 iliyotengenezwa Tabora 1916, na hiyo ndo inawatoa watu akili huku kusini, wanachimba mpaka chini ya mibuyu na wenye ditekta wanakula tu hela zao za korosho. Halafu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, chimba magofuni bila kibali uone. Hivi humu nani ashaishika ya dhahabu mkononi, sio picha ya WhatsApp?