Nishani ya dakika 19

Agosti 24, 2001, Airbus A330 ya Air Transat, ikitoka Toronto kwenda Lisbon na watu 306, iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki. Injini ya kulia ilizimika saa 06:13 kwa saa za kimataifa, ya kushoto saa 06:26. Kapteni Robert Piché na rubani msaidizi Dirk DeJager waliishusha bila injini hadi Lajes, visiwa vya Azores, wakagusa ardhi saa 06:45. Hakuna aliyekufa. Mwaka 2002 chama cha marubani cha Amerika Kaskazini, ALPA, kikawatunuku kwa umahiri wao. Mwaka 2004 ripoti ya wachunguzi wa Ureno ikatoka, na ikaonyesha kwamba marubani hao hao walichangia mafuta kuisha.

Je, walistahili? Kwa maoni yangu, ndiyo. Lakini wanaokataa wana hoja nzito.

Injini ya kulia ilikuwa imebadilishwa siku chache kabla. Iliyofungwa ilikuwa ya toleo tofauti kidogo, na mafundi wakachanganya vipuri: bomba la haidroliki la toleo moja, bomba la mafuta la jingine. Nafasi kati yake ikawa finyu, mabomba yakasuguana hadi lile la mafuta likapasuka. Tatizo ni kwamba onyo walilopata marubani halikusema mafuta yanavuja. Lilisema tu kwamba mafuta ya bawa hili hayalingani na ya lile. Dawa ya kawaida ni kufungulia vali inayounganisha pande mbili ili bawa lenye mafuta mengi lilishe injini zote. Walifanya hivyo kwa kumbukumbu, bila kusoma orodha ya hatua, na orodha hiyo ina tahadhari: ukishuku uvujaji, achana na hatua hizi, nenda kwenye utaratibu wa uvujaji. Vali ikafunguliwa, na mafuta ya kushoto, yaliyokuwa salama, yakaenda kumwagikia kulia.

Kwa hiyo mpinzani wa tuzo anauliza: tunamvika nishani mtu kwa kuzima moto aliouchochea? Tena kuna, kwenye safari nyingine, rubani asiyejulikana, aliyeisoma orodha, akazima injini inayovuja, akatua kwa ile iliyobaki, akajaza fomu yake na kwenda kulala. Huyo hapigiwi makofi na mtu.

Sasa tazama zile dakika 19. Umeme na nguvu kidogo ya haidroliki vinatoka kwenye feni ndogo inayochomoza nje na kuzungushwa na upepo. Flapu, vibao vya mabawa vinavyosaidia ndege kutua polepole, hazifanyi kazi, na nafasi ya kuzunguka na kujaribu tena haipo. Wanafika wakiwa juu mno, wanapiga duara kamili la digrii 360, kisha wanakata kona kushoto na kulia ili kumaliza urefu uliozidi. Wanagusa njia ya kurukia kwa takriban noti 200, yaani kilomita 370 kwa saa, magurudumu yanajifunga na matairi yanapasuka. Ungepoteza urefu mwingi zaidi kidogo, ungeishia baharini. Ungepoteza mchache mno, ungeipita njia.

Njia ya kuadhibu kwanza nayo imejaribiwa. Julai 23, 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilipaa ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika. Vipimo vya mafuta vilikuwa vimekufa, hesabu ikafanywa kwa mkono. Zilitakiwa kilo 22,300, na matangini zilikuwamo lita 7,682. Wakazidisha kwa 1.77, ambayo ni uzito wa lita kwa ratili, badala ya 0.8 ya kilo, wakaongeza lita 4,916 pale zilipohitajika kama 20,000. Kapteni Bob Pearson aliitua bila injini kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, siku ambayo sehemu ya uwanja huo ilitumika kwa mashindano ya magari. Kampuni ikamshusha cheo kwa miezi sita na kumsimamisha msaidizi wake wiki mbili. Tume ikaja kukuta kasoro kubwa ziko kwa kampuni yenyewe, na mwaka 1985 shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, likawapa diploma ya urubani bora.

Hata idadi ya walionusurika si kipimo. Ethiopian 961, iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi Novemba 23, 1996, ilitekwa na kuanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazidja, visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, na bado Kapteni Leul Abate alitunukiwa kwa haki: hata dakika za mwisho watekaji walikuwa wakimzuia. Wengi walizama kwa sababu walijaza jaketi za kuokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipopanda yakawabana darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Wahudumu hulirudia onyo hilo kila safari ya juu ya maji, jaza ukishatoka, huku abiria wakichezea simu. Lakini tuzo zikitoka, jina la kwanza ni la kapteni, na mara nyingi ndilo la mwisho.

Kusubiri ripoti ni busara, ingawa ile ya Azores ilichukua miaka mitatu. Mimi ningetoa nishani mapema, kwa wahudumu pia, ila ningebana maneno yake. Ya Air Transat ingesomeka: kwa kazi iliyofanyika kati ya saa 06:26 na 06:45.