Kama alivyokutwa na kamera yetu

Mpigapicha wa gazeti katika mji mdogo wa Minnesota ana tabu moja ambayo mwenzake wa Babati hawezi kuifikiria: watu hawaonekani. Wapo, ila wamo ndani ya magari, na magari yamo ndani ya gereji. Mwezi Januari unaweza kuzunguka mji saa nzima ukaambulia mtu mmoja anayeondoa theluji mlangoni kwake kwa koleo. Ndiyo maana huku Marekani picha ya maisha ya kila siku huwindwa. Kwetu ukishuka tu stendi, imeshakufuata kabla hujafungua mkoba.

Kwa hesabu hiyo, magazeti ya Tanzania yangejaa picha hizo. Yafungue uone. Mgeni rasmi anakata utepe. Mgeni rasmi anakabidhi mfano wa hundi. Mgeni rasmi anapanda mti, nyuma yake watu ishirini wamekodolea kamera macho. Sikubali kwamba wapigapicha wetu hawana jicho. Tofauti naiona kwenye mambo mawili: nani analipa nauli, na nani anahesabika kuwa na jina.

Tuanze na nauli. Gazeti la mji mdogo Marekani lenye mpigapicha wake humlipa mshahara na mafuta ya gari. Asubuhi mhariri akiona baraza la mji halitatoa picha, ukurasa wa mbele una pengo, na mpigapicha anatumwa kulijaza. Mwandishi wetu wa mkoani mara nyingi hulipwa kwa kile kilichochapwa, na nauli ni juu yake. Hafla ina gari, ina kiti na ina picha ya uhakika. Kuzurura mtaani hakuna anayekugharamia. Wala huku si peponi: mwaka 2013 Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapigapicha wake wote wa kudumu, na magazeti mengi ya miji midogo yamefungwa kabisa.

Lakini ufundi wa kuwinda unastahili kuibwa. Wanaoujua hawatoki kutafuta "kitu kizuri". Wanaanza na hali ya hewa, kwa sababu mvua ya kwanza, joto kali au upepo hubadilisha tabia za watu wote kwa siku moja. Kisha wanakwenda mahali ambapo mikono inafanya kazi: kwa kinyozi, karakana, maktaba, uwanja wa shule. Wana daftari la mahali na saa: ukuta fulani hupata jua la ubavuni saa mbili asubuhi, dirisha fulani saa kumi. Wanachagua kwanza mandhari ya nyuma iliyo safi, wanasimama hapo na kumngoja mtu aingie. Anayemkimbilia mtu kwanza huishia na nguzo ya umeme iliyoota kichwani mwa mhusika.

Fundi cherehani wa barazani kwetu ni zawadi kwa mpigapicha. Yuko kivulini, mwanga unampiga kutoka upande mmoja, mikono haitulii. Ila saa ni muhimu. Minnesota jua la Desemba huzama kama saa kumi na nusu jioni, la Juni saa tatu usiku, na mwanga wake laini hukawia. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia haraka. Saa sita mchana jua liko utosini, kofia na paji la uso hutia macho giza. Hivyo piga kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, tena kuanzia saa kumi na nusu. Katikati ya hapo baki barazani na chini ya miti.

Kuna kosa moja linalofanana pande zote mbili kwa sababu zinazopingana. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, hudhani kila kilichomo kwenye fremu ni cha kijivu. Theluji ikijaa fremu, picha hutoka ya kijivu. Dawa ni kuongeza mwanga kwa stopu moja hadi mbili (kila stopu ni mwanga maradufu). Kwetu uso mweusi mbele ya ukuta wa chokaa hugeuka kivuli, maana mita imefuata ukuta. Pima mwanga shavuni, kisha punguza kama stopu moja ili ngozi isipauke, na uache ukuta uungue, yaani uwe mweupe mtupu. Kumbuka pia karatasi ya gazeti hunywa wino: uso uliokuwa na giza kidogo kwenye skrini hutoka doa. Uangaze kidogo kabla ya kutuma. Nyuso nyingi zimepotea kwenye magazeti yetu kwa jambo hili tu, na msomaji akadhani kamera ilikuwa mbovu.

Lenzi ndefu iache. Huku Marekani watu wako mbali, lenzi ya milimita 70-200 inafaa. Sokoni kwetu ukimlenga mtu kutoka ng'ambo ya barabara unaonekana mpelelezi, na utaulizwa kwa sauti picha hiyo unakwenda kuiuza wapi. Tumia lenzi fupi ya milimita 35, usogee na usalimie kwanza. Watoto watakuja mbio wakinyoosha vidole. Wapige picha zao mbili tatu, waoneshe kwenye skrini, kisha kaa. Baada ya dakika kumi au kumi na tano wanachoka nawe, na kazi halisi ya mtaa inarudi. Kitambulisho chako cha ithibati ya uandishi wa habari kiwe mfukoni, mwenyekiti wa mtaa ajue upo, na kambi za jeshi zipite kamera ikiwa mkobani.

Sasa jina. Mpigapicha wa Minnesota akirudi na picha nzuri ya mtu anayetembeza mbwa bila jina lake, mara nyingi haichapwi. Anatakiwa kuleta jina kamili na herufi zake, umri na mji. Mtoto, basi na jina la mzazi. Hata mbwa huulizwa jina. Kwetu waziri anapata jina, cheo na "wa pili kushoto", na mama aliyebeba kuni anapata "mkazi wa kijiji hicho ambaye jina lake halikupatikana mara moja, kama alivyokutwa na kamera yetu". Halikupatikanaje, na mpigapicha alikuwa mita mbili kutoka kwake? Mara nyingi hakuuliza. Picha ya mtu asiye na jina inamfanya pambo la umaskini au la mandhari, na ndugu zake hawana sababu ya kununua gazeti.

Na nauli ninayoilalamikia ina njia ya mkato. Gari la hafla hukufikisha kijijini saa tatu. Mgeni rasmi aliyetangazwa saa tatu huingia saa tano. Hizo ni saa mbili za kuwinda, nauli imeshalipwa na mtu mwingine. Toka chini ya turubai, zunguka kisimani, kwa fundi baiskeli, kwa wanaopika nyuma ya jukwaa. Mtu mmoja, fremu kumi na tano, daftari: jina, umri, kitongoji, anachofanya na tangu lini, namba ya simu ya kuhakiki. Utepe utakatwa tu, hata ukichelewa kurudi kwa dakika tano.