Mheshimiwa ana kilo nane

Jumatano nilikuwa kliniki na kitinda mimba wangu. Tuko kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, upepo wa Dodoma unatumwagia vumbi kupitia dirishani. Nesi akachukua kadi, akaita: "Mheshimiwa!"

Sote tukageukia mlangoni. Mzee mmoja aliyemsindikiza binti yake akavua kofia. Mimi nisiwe mwongo, nilirekebisha khanga. Mji huu, wakati wa Bunge, Mheshimiwa anaweza kutokea popote.

"Mheshimiwa yuko wapi jamani?"

Akainuka mama mdogo, mgongoni ana mtoto mwenye soksi moja. Mtoto akatundikwa kwenye mzani. "Mheshimiwa kilo nane. Mwezi uliopita nane. Mama, unamlisha nini Mheshimiwa? Anaharisha?"

Nilicheka mpaka machozi. Kicheko kiliniishia njiani kurudi Nkuhungu, nilipokumbuka kwamba mdogo wangu anataka mwanawe aitwe Profesa.

"Dada, si tunamtabiria mema?"

"Mtabirie ada."

Amenuna hadi leo. Lakini hebu tuongee. Cheo ni kitu watu wanakupa baada ya kukuona. Nyerere alizaliwa 1922, mama yake hakumwita Mwalimu. Aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha. Huo ualimu aliufuata mwenyewe kwa chaki, Tabora na Pugu, na watu wakaona jina limemkaa. Sasa wewe unampa mtoto wa siku saba kitu ambacho watu walipaswa kumpa akiwa na miaka hamsini. Akikipata kweli, tumwite nani? Profesa Profesa?

Na asipokipata? Hapo ndipo roho inaponiuma. Nawaona darasa la kwanza, mwalimu ana watoto wamejaa hadi sakafuni: "Profesa, bado hujui kuandika a?" Darasa zima linaangua kicheko. Atacheka naye mara ya kwanza. Akifika darasa la nne ataanza kujifanya anaumwa tumbo kila Jumatatu. Kidato cha nne matokeo yakitoka, mtaa mzima utakuwa na utani wa bure: Profesa kapata ziro. Mtoto wa jirani anayeitwa Daudi naye kapata ziro, ila Daudi atalala usingizi. Baba kamwekea mwanawe deni ambalo hakulikopa, halafu anaita baraka.

Hata hizo heshima zenyewe tumezichosha. Kituo cha bodaboda ukiitwa "mheshimiwa", jua nauli imepanda.

Mtaniambia Mwinyi, Jumbe, Sultani, Waziri, vyote vilikuwa vyeo. Haya, nakubali, shingo upande. Lakini hayo yameshakuwa majina, makali yameisha. Hakuna anayevua kofia akisikia Waziri anaitwa aje kula. Nyuzilandi msajili anakataa hata King na Justice. Sisi tusifike huko, serikali ina kazi nyingine.

Wagogo tunajua kutoa majina. Mama yake babu alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, akaitwa Nzala. Njaa! Si jina la kupendeza, ila lilikuwa la kwake, lilisema kitu kilichomtokea kweli, na alizeeka nalo akilitamka kwa majivuno, kwamba njaa ilikuja, ikapita, yeye yupo.

Mdogo wangu jana kanitumia ujumbe: "Dada, Profesa tumeacha. Unaonaje Jaji?"

Sijajibu. Mtoto ana miezi miwili, fomu ya cheti iko juu ya kabati haijajazwa. Mama yetu, ambaye hataki kusikia habari za ujaji wala uprofesa, anamwita "mume wangu", na mtoto anageuza shingo kumtafuta.