Tuwafundishe Watoto Kupanga Maneno Kialfabeti kwa Kiswahili, na Tuanze na Majina Yao

Watoto wengi wa Nairobi huimba alfabeti hata kabla ya kuingia PP1, darasa la kwanza la chekechea. Huiimba kwa Kiingereza, na sisi wazazi na walimu tunapiga makofi. Lakini mwulize mtoto wa gredi ya pili ni herufi gani inayotangulia P. Utaona midomo inachezacheza: amerudi A, anaimba kimoyomoyo mpaka afike. Wimbo anaujua, mpangilio bado. Ndiyo sababu mimi huuliza majirani wa herufi kwanza: kabla ya P kuna nini? Baada ya S je? M iko karibu na mwanzo au na mwisho? Mtoto asiyejibu haya bila kuimba hayuko tayari kufungua kamusi.

Nafundisha madarasa ya chini huku Eastlands, na msimamo wangu ni kwamba kupanga maneno kialfabeti kufundishwe kwa maneno ya Kiswahili, tena mapema kuliko tunavyofanya. Mazoezi mengi tunayowapa watoto yamefuata vitabu vya Kiingereza: picha sita, kila moja na herufi yake ya mwanzo, kazi imekwisha. Maneno ya Kiswahili hayajatawanyika hivyo. Yanajazana penye herufi chache kama abiria mlangoni mwa matatu saa kumi na mbili jioni. Mpe mtoto mti, meza, maji, mkate na mtoto, na herufi ya kwanza haitamsaidia hata kidogo. Itabidi aende ya pili siku hiyo hiyo, na kwa mti na mtoto aende ya tatu. Maji, meza, mkate, mti, mtoto. Wapo wenzangu wanaoona hilo ni zito kwa umri wa miaka saba. Sikubaliani nao, mradi mtoto aanze na maneno anayoyajua kwa macho na kwa moyo.

Na hakuna neno analolijua kuliko jina lake na majina ya wenzake. Rejista ya darasa la Nairobi ni hazina. Upande huu Ochieng, Odhiambo, Omondi na Otieno, upande ule Mutiso, Mutua na Mwende, halafu wakina Wambui. Wasimamishe mbele ya darasa, kila mmoja na jina lake kwenye kadi, wajipange wenyewe. Wambui na Wangari watasumbuana kidogo kisha waelewane. Kazi iko kwa Wanjiku na Wanjiru: herufi tano za mwanzo ni zile zile, ya sita ndiyo inayoamua. Darasa zima litatamka herufi moja moja kwa sauti, na ikifika K na R kelele utakayoisikia ni ya watoto walioelewa. Baadaye wape mitaa wanayoiona kwenye vibao vya matatu: Kangemi, Kariobangi, Kasarani, Kawangware, Kayole, Kibera, Komarock. Ichanganye, waipange.

Usimfiche mtoto kwamba Q na X za kwenye wimbo hazina kazi katika maneno ya Kiswahili, na kwamba C haitembei bila H. Mwonyeshe pia kwamba neno lililoishia njiani hutangulia lile linaloendelea: kata, kisha kataa.

Sasa kamusi yenyewe, na hapa ndipo ninapoumia. Mtoto anataka kujua maana ya neno alilolisoma kwa wingi, nyuso, kwa mfano. Anakwenda N, anatafuta, halipo. Anafunga kamusi akiamini kamusi haina neno hilo, kumbe lipo kwenye U, uso. Meno yako kwenye J, jino. Viatu viko kwenye K. Kusoma hakuko kwenye K, kuko kwenye S, kwa sababu kamusi zetu, ile ya Kiswahili Sanifu iliyotoka 1981 ikiwemo, huorodhesha vitenzi kwa shina. Mzuri, kizuri na nzuri zote zinarudi Z. Kwa hiyo mtoto wetu ana kazi mbili: kulivua neno kiambishi chake, kisha kulitafutia mahali. Hiyo ya kwanza ni somo la ngeli, lile lile tunalolifundisha kwa majedwali ya kukariri, na hapa analifanya kwa sababu analihitaji. Sijaona njia nzuri zaidi ya kumfanya mtoto ajali umoja na wingi.

Wengine husema simu inatafuta yenyewe. Sawa, lakini hata majina ndani ya simu yamepangwa hivyo hivyo, na rafu za hadithi maktabani zimefuata majina ya waandishi. Mtoto anayeenda maktaba ya Kaloleni au Makadara Jumamosi anapaswa kujipatia kitabu bila kumsubiri mtu mzima.

Kwa walimu wakuu nina ombi. Kamusi nyingi za shule zimefungiwa kabatini ofisini zisije zikachanika. Zitolewe, ziwekwe mezani nyuma ya darasa, na gredi ya tatu waanze kuzifungua muhula wa kwanza, hata kama ni watoto wanne kwa kamusi moja. Zikichanika, selotepu ipo.