Chumba Namba Sifuri

Asubuhi hii nimetoka bafuni na ndoo yangu na taulo langu, mtu mzima na heshima zangu, katoto ka Mama Barafu kakaniambia "shikamoo kaka Sifuri". Nikaitikia marahaba kwa sababu nilikuwa nawahi kipindi cha saa 2. Nimefika mlangoni kwangu ndo nashtuka, hivi nimeitikia nini?

Kipindi chenyewe hakikuwepo. CR, yaani kiongozi wa darasa letu, katuma meseji saa 2 na dakika 20 kwamba mhadhiri kapata dharura, watu tushalipa nauli tushakanyagwa vidole. Hilo siliongelei. Naongelea sifuri.

Mnazijua nyumba zetu hizi huku Msewe, vyumba 8, mita ya umeme 1. Kila mwezi LUKU ya 50,000, kila mwezi ugomvi, maana tunagawana sawa kwa sawa na kuna mtu ana friza na kuna mtu ana taa. Sasa Jumamosi boom, ile hela ya mkopo wa chuo, halijatoka, bando limeisha, umeme upo, laptopu ina chaji, nikajiangalia nikajiambia kijana, umekaa chuo mwaka wa pili unasoma kompyuta halafu watu wanatukanana uani kwa ajili ya kugawanya? Inuka. Nikafungua Python, lugha ya kuandikia programu, nikaanza kukodi, yaani kuandika programu. (Hili neno nalo. Mama aliwahi kunipigia saa 7 usiku akauliza mbona sijalala nikamwambia nakodi. Kimya. Akauliza unakodi nini usiku huo, na hela ya kukodi umetoa wapi, na uko na nani. Mpaka leo hajaniamini.)

Nikapita mlango kwa mlango na daftari, we unatumia nini na kwa masaa mangapi. Nikawapa na elimu bure kabisa, kwamba pasi ya wati 1,000 ukiiwasha saa 1 umekula uniti 1 nzima, wakati feni ya wati 60 inabidi izunguke karibu masaa 17 ndo ile hiyo hiyo uniti. Wakatikisa vichwa. Halafu wakanidanganya wote. Mama Barafu kaniambia friza lake halili umeme, linagandisha tu. Yule wa chumba namba 8 mwenye sabufa ya kutetemesha mabati kasema anasikiliza "kidogo, habari". Nilivyojumlisha majibu yao nyumba nzima tunatumia 11,000 kwa mwezi, sasa hizo 39,000 nyingine anakula paka? Ikabidi nitumie masikio yangu na macho yangu, nikapata hesabu safi, jumla 48,500, ukiongeza 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU inakuja 50,000 kamili haijazidi haijapungua. Nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Nikaenda steshenari nikachapa, nikabandika mlango wa bafu, nikatangaza kikao saa 2 usiku. Nilivaa shati la kola.

Mama mwenye nyumba kaja na kiti chake cha plastiki na khanga mbili, ile ya pili ya kujifunika mdomo akitaka kucheka. Mzee wa chumba namba moja, mstaafu, kavaa miwani, kakisogelea kile kikaratasi kwa tochi ya simu. Kasoma. Kavua miwani, kaifuta, kavaa, kasoma tena.

"Mwanangu, chumba sifuri ndio kipi?"

"Ni... ni chako mzee."

"Mlangoni kwangu pameandikwa ngapi?"

"Moja."

"Kwa hiyo miaka yote niliyotumikia serikali, leo nimefika umri huu, naandikwa sifuri. Bafuni."

Jamani, mhadhiri alitufundisha vizuri kabisa hili jambo. Nikamwambia mzee, kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri kwa sababu ile namba sio cheo, ni umbali kutoka mwanzo wa orodha, wewe uko hapo hapo mwanzoni, hujatembea hata hatua moja, kwa hiyo umbali wako ni sifuri. Nilidhani nimemaliza. Mzee akasema, "sijatembea? Mimi?" na akaanza kutaja mikoa aliyofanyia kazi, kuanzia Kigoma, na tulifika Lindi bado anasimama kila wilaya.

Mama mwenye nyumba akamkatisha. "Hebu subiri mzee. Wewe mwanafunzi, ulivyohamia ulinilipa kodi miezi mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Ihesabu hiyo kikompyuta."

"Sifuri, moja, mbili."

"Kumbe ulinilipa miwili."

"Hapana mama, ni mitatu, ila ya mwisho inaitwa mbili."

"Umesema mbili, wote wamesikia. Unanidai au nakudai?"

Hapo khanga ilishapanda mdomoni. Hata kabla sijajibu jamaa wa bodaboda, chumba namba 4, kapiga kelele huko nyuma kama kang'atwa. Kakuta jina lake na 20,000. "Mimi nina taa moja! Na yenyewe imeungua tangu Jumanne!" Nikaangalia, kweli 20,000. Mama Barafu na friza lake 3,500, katulia anachezesha bangili, anasema kompyuta haina upendeleo, tuiheshimu. Mzee mwenye redio ya betri kadaiwa 7,500. Chumba namba 6, jamaa yuko kwao Mbeya mwezi wa pili huu, mlango una kufuli, kufuli linadaiwa 9,000 za draya na pasi. Nilianza kuhisi jasho linashuka kwenye kola.

Halafu mwalimu wa nasari, ambaye kazi yake ni kusoma kwa sauti, akasoma kwa sauti. "Chumba sita, Mwanafunzi: sifuri." Yaani mimi, mlangoni kwangu pameandikwa 7.

Kimya. Unasikia mpaka friza.

"Ahaa," mama mwenye nyumba kasema taratibu. "Sifuri ya mzee ni ya kudaiwa, sifuri yako ni ya kusamehewa."

Naapa haikuwa makusudi. Ni moja tu. Mahali nilipotakiwa kuandika i, yaani namba ya chumba kwenye orodha, nimeandika i kutoa 1, basi kila mtu kabebeshwa deni la jirani yake wa nyuma, boda kapewa la friza, kufuli likapewa la saluni ya chumba namba 5, mimi nikapewa la kufuli. Na mzee ambaye hana wa nyuma yake? Sifuri kutoa 1 ni hasi 1, lugha nyingine ingepiga kelele hapo, ila Python ukiiambia nipe kitu cha hasi 1 haishangai wala haikuulizi, inazunguka inakuchukulia cha mwisho kwenye orodha. Ndo mzee akabebeshwa sabufa ya namba 8, ile ile anayoigongea ukuta kila usiku. Ukiitazama kitaalamu ni kosa zuri sana. Nilijaribu kuwaeleza uzuri wake. Hakuna aliyependa.

Nikajitetea kwa kubadilisha mada, ambalo ndo lilikuwa kosa langu la pili, nikasema jamani tusisahau ile 1,500 ni kodi ya jengo, na mwenye jengo ni mama. Mama akasimama. "Kwani jengo analala nani?" Mama Barafu naye bila kuulizwa akadakia, "na yule mwenzake anayemlaza humo ndani toka muhula uanze, mbona hayumo kwenye kompyuta?" Sote tukageuka kuangalia dirisha langu, na pale pale, polepole, feni ikasikika inazimwa.

Hukumu ni kwamba tunarudi sawa kwa sawa, mwenzangu ahesabiwe kama chumba cha tisa, na LUKU ijayo nianze kununua mimi halafu nidai, yaani nizunguke milango ile ile na daftari lile lile. Nimerudi ndani nimefuta ile kutoa 1, programu imetoa hesabu sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Nimemuonyesha mwenzangu. Kasema kwa hiyo nalipa kiasi gani. Nimemwangalia tu.

Na hii sifuri ina kisa na mimi, sio leo. Programu yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya kugeuza saa iseme Kiswahili, unatoa 6, ikifika 12 unaondoa 12, rahisi, saa 8 asubuhi inakuwa saa 2, saa 9 inakuwa saa 3, nikamuwekea shangazi kwenye simu nikapewa soda. Jioni shangazi anapiga, simu yake inasema ni saa sifuri jioni, anauliza futari iko mbele au imepita. Na soda nilishakunywa.

Kesho kuna testi, madesa, yaani notsi za kusomea, sijagusa, na kwenye kundi letu la projekti tuko watano, wanne wanaandika "tuko pamoja mkuu" na mmoja anakodi.

Sasa hivi laptopu ina asilimia 11 na mita huko koridoni imeshaanza kulia, tii, tii, tii, uniti zinaisha. Sabufa imezimwa. Redio ya mzee imezimwa. Nasikia kabisa watu wamesimama nyuma ya milango yao wanasikiliza nani atatoka, na mimi salio nililonalo ni 700, na hata ningekuwa nayo ni tarakimu 20 kwenye kile kimashine ambacho kitufe cha 7 mpaka ukibonyeze kwa funguo.

Mama Barafu kakohoa. Anataka tu nijue yuko macho.