Manyoya marefu si ushahidi wa uchotara

Jirani yangu hapa Nyegezi alinunua mtoto wa German Shepherd kwa mfugaji wa Kiseke. Baba na mama aliwaona kwa macho yake, wote manyoya mafupi. Leo mbwa ana miezi mitano, mashungi yamefunika masikio, mkia kama ufagio, na jirani anadai arudishiwe pesa: kauziwa chotara.

Hasira yake naielewa. Wapo wanaomwacha jike apandwe na mbwa koko yeyote, kisha wanatangaza "mbegu safi". Tena jike mmoja akiwa kwenye joto anaweza kushika mimba ya madume wawili, kwa hiyo kumwona dume bandani hakutoshi.

Lakini kwa hili mfugaji anaonewa. Urefu wa manyoya ya mbwa unategemea zaidi jeni iitwayo FGF5, ambayo huamuru unywele uache kukua. Nakala yake iliyobadilika haijitokezi mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama pia. Mwenye nakala moja ana manyoya mafupi kama wenzake, kumbe anaibeba.

Wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kutoka na manyoya marefu. Haina maana kwamba kila wanne lazima apatikane mmoja. Kila mtoto ni karata mpya. Katika uzao wa watoto wanane, nafasi ya kukosekana hata mmoja ni kama asilimia 10, hivyo mfugaji anaweza kuapa kwa dhati kuwa wazazi wake hawana hilo, kisha uzao unaofuata ukamuumbua. Na hao ndugu waliotoka na manyoya mafupi? Kwa wastani, wawili kati ya watatu ni wabebaji, na jicho haliwatambui. Ndio watakaokuwa wazazi wa kesho huko Igoma na Buhongwa.

Isitoshe, tangu mwishoni mwa 2010 kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, kinawatambua German Shepherd wa manyoya marefu wenye manyoya ya ndani. Kipimo cha vinasaba kwa ute wa shavuni ndicho kinachoweza kumaliza ubishi.

Kwangu mimi, pesa zisirudishwe. Kosa la mfugaji ni ukimya, maana dalili huanza mapema. Nilifungua picha ambayo jirani alitumiwa siku ya kununua, nikaikuza: nyuma ya masikio na katikati ya vidole, malaika marefu yalikuwa yameshachomoza.