Madison isubiri, anzia Mlimani

Kama umemaliza kidato cha sita na macho yako yote yako Madison, nakushauri uanzie Mlimani. Shahada ya kwanza niliipata huko Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa nasomea uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichopo Madison, Marekani, na chuo hiki nakipenda sana. Ndiyo maana nataka ukija, uje kwa njia isiyokuumiza wewe wala wazazi wako.

Tuanze na ada. Wisconsin ni chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 1848, mwaka uleule eneo hili lilipokuwa jimbo la Marekani, na kina wanafunzi zaidi ya 45,000. Lakini ada nafuu ni ya wakazi wa jimbo. Mtoto wa hapa hulipa karibu dola 12,000 kwa mwaka, wewe utokaye nje utadaiwa zaidi ya dola 40,000, na hapo bado chumba, chakula na bima ya afya. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ujira wa kuosha vyombo kwenye bwalo hauwezi kubeba deni hilo. Nimeona mzazi akiuza kiwanja ili kulipia muhula mmoja, na wa pili ukakosa pa kutokea. Mlimani ada ya kozi nyingi ni shilingi milioni moja na ushee, na ukipata mkopo wa Bodi ya Mikopo, bumu, yaani fedha ya kujikimu, litakusogeza hata kama halitoshi.

Ngazi ya uzamivu ni habari nyingine. Idara nyingi humwajiri mwanafunzi kama mwalimu msaidizi au msaidizi wa utafiti, humsamehe ada na kumlipa posho. Hata Kiswahili kinafundishwa hapa, na idara iliyoanzishwa 1964 kwa ajili ya lugha na fasihi za Afrika bado ipo, ingawa sasa ina jina jingine.

Kinachonitia wivu zaidi si majengo. Mwaka 1933, katika dhoruba ya theluji, mkulima mmoja alikuja chuoni na ng'ombe aliyekufa pamoja na chombo cha damu iliyokataa kuganda. Ng'ombe wake walikuwa wamekula majani ya malisho yaliyoharibika. Karl Paul Link na wenzake walihangaika na tatizo hilo miaka kadhaa, wakaipata kemikali iliyokuwa chanzo. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo wagonjwa wa moyo wanaandikiwa hata kwetu. Mapato ya hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, za namna hiyo hurudi kwenye utafiti kupitia mfuko ulioanzishwa 1925. Wataalamu wa mifugo tunao pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nitaona fahari siku mfugaji wa Mvomero atakapobeba sampuli yake hadi maabara kama jambo la kawaida, na serikali iwe imeweka fedha za kuichunguza.

Ufundishaji nao una utaratibu wake. Siku ya kwanza unapewa mpango wa kozi wenye kila zoezi, tarehe na alama zake, kwa hiyo hukai ukisubiri mtihani wa mwisho wenye asilimia 60. Mwalimu ana saa zake za ofisini, na anategemea umwendee.

Lakini vimbweta, zile meza na viti vya zege vya nje tulivyosomea, havipo. Pale Mlimani diskasheni iliendelea hadi usiku, anayejua takwimu akimfundisha asiyejua, na ukitoa hoja dhaifu inavunjwa palepale. Nilijifunza kufikiri pale. Huku kila mtu na kompyuta yake na vitu masikioni. Kijana wa miaka 19 asiye na ndugu, Januari, wakati ziwa Mendota limeganda hadi watu wanatembea juu yake, anaweza kumaliza wiki bila mtu kumuuliza ameamkaje. Ukija ukiwa umekomaa, na kazi yako ya utafiti mkononi, utaustahimili upweke huo.

Maombi ya uzamivu katika idara nyingi hufungwa mwezi Desemba, kwa masomo yanayoanza Septemba inayofuata. Kwa hiyo tangu mwaka wa pili jenga mazoea na wahadhiri wawili watatu, wasome kazi zako, ili barua zao za mapendekezo ziwe na cha kusema. Maelezo yako ya utafiti yakiwa tayari, nitumie, nitayasoma kabla hujayapeleka.